Nguo ya kazi: tushone mapema, lakini tujue pa kusimamisha sindano



Ukipita mu kampi siku ya yenga asubuhi, utaona salopeti zimeanikwa ku kamba, lupango kwa lupango. Hakuna lazima ya kuuliza mwenye nguo anafanya kazi gani. Angalia tu pale nguo imechoka. Ya dereva wa kamio kubwa imeisha ku makalio na ku viwiko. Ya fundi wa mekanike imeshika mafuta ku mapaja, na mifuko inaning'inia juu ya kubeba mafungulo na mabulo. Ya fundi wa sudire ina matundu madogo madogo ku kifua, sawa vile mutu aliitoboa na musumari wa moto. Ya mutu wa bande imechanika ku mikono. Na ya mutu wa asidi inaonekana nzuri kabisa pale ku kamba. Lakini ukiivuta kidogo, inaachana yenyewe sawa karatasi ya mvua.

Sisi madelege wa sendika tulipita myaka mingi mbele ya kamba zile bila kuzisoma. Tulikuwa tunazungumza mushahara, prime, hospitali, masomo ya watoto. Salopeti? Tuliona ni mambo ya nyumbani, mambo ya mama na sindano yake. Leo tunaandika juu tulijifunza vingine, na tulijifunza kwa maumivu ya mwenzetu.

Kiraka kilichoyeyuka

Ilikuwa wakati wa kipwa. Ku kampuni moja ambako tuko na ndugu wengi, kila mufanyakazi alipashwa kupokea salopeti mbili kwa mwaka. Alipokea moja. Ya pili, tuliambiwa, "iko mu njia". Mwezi wa ine, iko mu njia. Mwezi wa saba, iko mu njia. Mutu ana nguo moja, anaivaa siku sita ku juma, inafuliwa magaribi, anaivaa tena asubuhi ikingali na maji. Haikukawia, nguo zikaanza kufunguka.

Ku mukutano, ndugu mumoja akasimama: "Delege, hii salopeti yangu inaisha kuwa chujio. Tufanye nini?" Tulimujibu: "Mushone, muvumilie, tuko tunazungumza na direksio." Watu wakapiga makofi. Tukarudi nyumbani tukizani tumefanya kazi ya sendika.

Kisha juma mbili, fundi mumoja wa sudire alikuwa amepiga magoti chini ya tangi, anaunga chuma. Bibi yake alikuwa amemushonea kiraka ku paja. Kiraka kizuri, mushono mudogo mudogo, safi. Lakini kitambaa alikikata ku suruali ya sport ya mutoto. Ilikuwa poliesta. Cheche moja ikaanguka pale. Kama ingekuwa pamba, ingefanya tundu, mutu angepangusa na glavu, kazi ingeendelea. Kile kiraka hakikutoboka. Kiliyeyuka, kikashika ku ngozi sawa gundi ya moto.

Tulienda kumuona ku hospitali. Bibi yake alikuwa ameikaa pembeni ya kitanda. Hakulia, hakutukana. Alisema tu: "Baba delege, mimi njo nilishona. Mulisema tushone."

Hatukuwa na neno la kumurudishia. Yule mama hakukosa kitu. Alishona vizuri kuliko sisi tulivyosema. Sisi tulitoa nusu ya neno: tulisema "mushone", hatukusema na kitambaa gani, ku nguo gani, wala pale pa kusimama. Habari hii ya leo ni ile nusu ingine.

Vitu vinavyoua nguo

Nguo haifi siku moja. Inakufa kidogo kidogo, na kila adui yake ana njia yake.

Adui wa kwanza ni vumbi. Vumbi la mine si sawa na vumbi la njia ya soko. Ndani yake muko mawe yaliyosagwa, chembe zenye makali. Zinaingia katikati ya nyuzi, na kila mara unapokunja goti, zinakata nyuzi pole pole sawa papie ya kusugulia mbao. Kuna wenzetu wanasema: "Usifule mara nyingi, nguo itaisha." Kuisugua na brosi ngumu juu ya jiwe, ndiyo, inaiua. Lakini kuiacha siku kumi na vumbi na jasho, inaiua vilevile.

Adui wa pili ni jua. Nguo ya rangi ya kuonekana mbali, ya machungwa ao ya manjano, ikianikwa kila siku ku jua kali, rangi inakufa. Hapo hatuzungumze uzuri. Ile rangi iliwekwa pale ili dereva wa kamio akuone mu vumbi. Rangi ikikufa, na wewe umeanza kupotea mbele ya macho yake.

Adui wa tatu ni kipimo kibaya. Mutu munene anapewa salopeti ndogo juu "njo ile ilibakia mu magazini". Siku anapochutama, inapasuka katikati ya miguu, ao inaachia ku mabega. Mutu mufupi anapewa ndefu, anakanyaga pindo mupaka linakatika, na siku moja anajikwaa ku ngazi. Nguo ambayo haitoshane na mwenyewe imeanza kupasuka siku ile ile anaitia saini mu magazini. Kwa hiyo uikatae pale pale, umbele ya kutia saini.

Adui wa ine ni mifuko. Mufuko wa salopeti haukushonwa kwa kubeba fungulo ya kilo moja. Fungulo inavuta mufuko, mufuko unavuta kitambaa, kitambaa kinachanika sawa L. Vyombo vina mukoba wake.

Kufula bila kujiumiza

Wamama wengi wana desturi hii, na sisi wanaume pia tukifula: tunashika salopeti kavu, tunaipiga ku ukuta ao tunaikungutia mu lupango ili vumbi litoke. Tuache mara moja. Lile vumbi halipotei. Linaingia mu pua ya mama, mu pua ya mutoto anayecheza pale, mu chungu cha bugali. Mu udongo wetu wa Katanga, vumbi la mine linabeba silisi ya mawe, linabeba kobalti na vyuma vingine. Silisi ikiingia mu mapafu miaka na miaka, inaleta ugonjwa wa mapafu usiopona. Kobalti inaumiza mapafu na inatia ngozi upele.

Si woga wa bure. Mwaka 1965, waganga wawili ku London walichunguza wagonjwa wa kansa mbaya ya ngozi inayofunika mapafu, ile inaletwa na vumbi la amianti. Kati ya wagonjwa walikuta wanawake ambao hawakufanya kazi ya amianti hata siku moja. Kazi yao ilikuwa kufula nguo za kazi za bwana zao. Amianti si kobalti, tunajua. Lakini mafundisho ni mamoja: vumbi la kazi linapanda nguo ya baba, linaingia nyumbani, na mama ndiye wa kwanza kulipokea.

Basi tufule hivi:

Nguo ya kazi ivuliwe ku kazi kama kuna pa kuvulia. Kama hakuna, iingie mu mufuko wa plastiki, isitupwe juu ya kitanda wala mu kiti.

Nyumbani, iingizwe mu maji kwanza, bila kukunguta. Iloweke ndani ya beseni dakika 30 hivi. Vumbi lishuke chini ya maji, lisiruke mu hewa. Maji yale ya kwanza yamwangwe pale watoto hawachezi wala mboga hazipandwe.

Beseni la nguo ya kazi liwe lake peke yake. Nguo ya mutoto muchanga isichanganywe nayo hata siku moja.

Funga fermetire na vifungo, geuza nguo ndani kuwa inje, kisha fula na sabuni ya kawaida. Brosi laini, na ku goti na ku kola tu. Ule mukanda unaong'aa usiguswe na brosi. Anika ku kivuli chenye upepo, ikiwa bado imegeuzwa.

Asidi na Javel, visikutane hata kidogo

Sehemu hii tunaomba isomwe mara mbili, zaidi na watu wa viwanda ambavyo madini yanayeyushwa na asidi sulfuriki.

Tone la asidi likianguka ku salopeti ya pamba, kwanza haulioni. Nguo inakauka. Lakini ni maji tu yanaoenda mu hewa. Asidi inabakia mu nyuzi, na kadiri maji yanavyopunguka, inazidi kuwa kali. Inakula pamba pole pole. Kisha kufula, mama anaona matundu, anazani ni panya, ao anazani ni yeye alisugua mubaya. Bwana anarudi, anakuta matundu, maneno yanaanza mu nyumba. Tunawaambia wanaume wenzetu: usimukaripie bibi. Nguo ilikuwa imekwisha kufa umbele ya kuingia mu beseni.

Dawa yake ni maji mengi, na mapema. Pale pale ku kazi, ukimwangikiwa, vua, jimwangie maji wewe mwenyewe kwanza, nguo kisha. Nguo ikifika nyumbani na asidi ndani, isuuze kwa maji mengi, mara mbili tatu, na glavu mu mikono, umbele ya sabuni. Bikarbonati kidogo mu maji ya mwisho inamaliza nguvu ya asidi iliyobakia.

Lakini Javel, hapana. Kuna mama anaona alama ya manjano ku salopeti, anamwanga Javel ili iwe safi. Javel ikikutana na asidi inatoa gazi ya klore, moshi unaochoma macho na koo, na mu chumba kidogo kilichofungwa unaweza kuua mutu. Hata pasipo asidi, Javel inalegeza nyuzi za pamba na inaua rangi ya kuonekana. Kwa nguo ya kazi, tuifukuze kabisa.

Sindano: kazi ya dakika kumi

Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines, mama zetu wengi walipita ku fwaye sosiale ya kampi. Kule walifundishwa kupika, kutunza mutoto, kushona. Mashini za kushona za siku zile zingali zinazunguka mu lupango nyingi mupaka leo. Sisi tulikulia mu suruali zenye viraka ku magoti na hatukuona haya. Mama mumoja wa siku zile alikuwa anasema: "Tundu la leo ni la kidole, la kesho ni la mukono." Hesabu yake ilikuwa kweli: ushono ulioachana sentimetre mbili unafungwa kwa dakika tano, ukiungoja juma moja, unaomba kiraka, ukiungoja mwezi, unaomba nguo mupya.

Kwa hiyo, tuwe na saa ya kuangalia nguo. Siku ya yenga, ikikauka, inua salopeti mbele ya dirisha ao mbele ya taa. Pale mwangaza unapita, kitambaa kimekuwa chepesi. Pale ndipo pa kushona, umbele tundu halijafunguka. Angalia sehemu hizi: katikati ya miguu, magoti, viwiko, pembe za mifuko, pindo la mikono.

Ushono ulioachana. Usishone juu juu. Geuza nguo, fuata mustari wa zamani wa fundi, anza sentimetre mbili umbele ya pale ulipoachana na umalizie sentimetre mbili kisha, urudie mara mbili. Katikati ya miguu, urudie mara tatu.

Kiraka. Kitambaa kizuri kuliko vyote ni kile cha salopeti ya zamani ya namna ile ile. Usitupe salopeti iliyokufa: kata vipande vizima vya mugongo, uvifule, uviweke mu kikapu. Kiraka kiwe kikubwa kuliko tundu, vidole viwili kila upande. Kata pembe zake ziwe mviringo, juu pembe kali inainuka na kukamata vitu. Kunja mipaka ndani, uweke kiraka upande wa ndani, ushone muzunguko wote, kisha ushone na mipaka ya tundu lenyewe isiendelee kuchanika. Umbele ya kukata, ufule kile kitambaa, ili kisirudi nyuma kisha na kuvuta nguo.

Uzi. Watu wengi hawaangalii uzi. Mutu wa asidi ashonewe na uzi wa poliesta, juu uzi wa pamba unaliwa na asidi na ushono unaachana hata kitambaa kikiwa kizima. Fundi wa sudire mwenye nguo ya pamba ashonewe na uzi wa pamba.

Mufuko. Ku pembe mbili za juu, pale mukono unapoingia, shona kamustari kadogo kwenda na kurudi mara tano sita. Kazi ya dakika mbili, na mufuko hautachanika tena.

Fermetire inayokwama. Usivute na koleo. Toa nyuzi na vumbi kwa brosi ya meno ya zamani, kisha upake mushumaa ao sabuni kavu ku meno yake.

Suruali ndefu. Shona pindo kabisa. Usikunje tu na kuacha, juu mukunjo unakusanya mawe, cheche za moto na chuma ya kukamata.

Namna gani kujua kitambaa? Etiketi ikiwa bado iko, isome. Kama haiko, toa uzi mudogo mu mushono wa ndani, uushike na pense, inje ya nyumba, uuwashe. Pamba inaungua na harufu ya karatasi, inaacha majivu laini. Poliesta na nailoni vinajikunja, vinayeyuka, vinaacha tone gumu. Ukiona majivu na tone pamoja, ni muchanganyiko. Kile kitambaa kinachoacha tone kisikaribie fundi wa sudire, wala mutu wa furu.

Na kama balaa imekwisha kufika, kitambaa kimeyeyuka ku ngozi ya mwenzako: usikivute. Kikivutwa, kinaenda na ngozi. Mwanga maji safi ya baridi, yanayotembea, dakika 20, kisha mupeleke kwa muganga.

Pa kusimamisha sindano

Hapa tunafika ku neno ambalo tulikosa kusema siku ile ya mukutano. Kuna tundu ambalo sindano inaponyesha, na kuna tundu ambalo sindano inaficha tu. La kwanza ni lako, mama. La pili ni la muajiri. Vitu vifuatavyo havishonwe nyumbani, vinabadilishwa:

Mukanda unaong'aa. Unang'aa juu ya vichembe vidogo vidogo sana vinavyorudisha mwangaza wa taa ya kamio. Ukichunika, ukichanika, ukiwekwa kiraka juu yake ao ukipigwa pasi ya moto, usiku wewe hauko tena. Jaribu hivi: mwenzako asimame mu giza, umulike na taa ukiwa mbali. Usipouona mukanda vizuri, nguo imekwisha.

Nguo ya kuzuia moto na tablie ya ngozi ya fundi wa sudire. Kiraka cha mu soko kinaondoa ulinzi wote.

Nguo na glavu za asidi. Tundu dogo sawa kichwa cha sindano linatosha asidi ipite. Na sindano yenyewe, unaposhona, inafanya matundu mapya kila milimetre.

Mukono wa nguo uliochanika mupaka juu, kwa mutu anayefanya kazi pembeni ya bande ao mashini inayozunguka. Hapo usifunge na kamba, usibane na pini, usiache nyuzi zining'inie. Bande haijui kama ni nguo ao ni mukono, inavuta vyote.

Mukanda wa kujifungia mutu akipanda juu, ile sangle. Uzi wake umoja ukikatika, ukiona umechomeka, usipeleke kwa mushonaji. Urudishe, ukatwe, usitumike na mutu mwingine.

Bote ambayo chuma cha mbele kimetokea, ao ambayo chini imeachana. Gundi ya fundi wa viatu ni kwa kwenda kanisani. Bote nzima ukitaka idumu: itoe matope kila siku, uijaze karatasi za jurnali usiku, uiweke mbali na makala. Moto unapasua ngozi na unaachanisha chini.

Nani anapashwa kulipa?

Tunasikia mambo ya kushangaza. Kuna pahali mutu anabadilisha salopeti, mwisho wa mwezi anakuta pesa zimekatwa. Kuna pahali wanasema: "Umeiharibu mwenyewe." Nguo ya kazi iliyochoka ku kazi haikuharibiwa na mufanyakazi. Ilifanya kazi yake: ilichoka mu pahali pa ngozi yake.

Code du Travail yetu, sheria ya mwezi wa kumi mwaka 2002, inamulazimisha muajiri aangalie kazi ifanyike mu hali inayofaa kwa usalama, afya na heshima ya mufanyakazi. Ku Geneva, Mapatano nambari 155 ya Shirika la Kazi la Kimataifa, ya mwaka 1981, yanasema mu kifungu cha 21 kama mipango ya usalama na afya ku kazi haipashwe kumulipisha mufanyakazi kitu. Na mu mwezi wa sita 2022, shirika lile liliweka usalama na afya ku kazi kati ya haki za musingi, haki ambazo kila inchi memba inapashwa kuheshimu.

Sheria ni nzuri, lakini sheria haitembei peke yake. Inatembea na karatasi. Fanya hivi:

Leta nguo iliyochoka ku shefu wa ekipe, usilete maneno tu. Omba kubadilishwa kwa maandiko, na tarehe. Weka kopi. Kama kisha juma moja hakuna jibu, kopi ije kwa delege. Sisi tunaipeleka ku kamati ya usalama na usafi, ile ambayo ndani yake wafanyakazi wana wajumbe wao. Daftari letu la leo liko na mistari mine tu kwa kila mutu: tarehe ya kupokea, kipimo, tarehe ya kuomba badilisho, tarehe ya kupewa. Mistari mine, lakini direksio inaiogopa kuliko makelele ya saa mbili, juu haisahau.

Kwa ile kampuni ya fundi wetu, tulifanya hivyo. Tulichelewa, lakini tulifanya. Tulikusanya salopeti za ekipe nzima, tukazitandika juu ya meza ya mukutano, moja juu ya ingine, na barua pembeni. Mukubwa mumoja akainua moja, mukono wake ukapita mu mugongo wa nguo. Hakusema "iko mu njia" tena. Salopeti ya pili ilitoka mwezi ule ule. Mafundi wa sudire walipata tablie za ngozi. Lakini kupata salopeti za miguu mifupi, bado tunapigana.

Ndugu wachimbaji wa mukono

Hatuwasahau ninyi munaoshuka mu mashimo na suruali ya jinzi. Ninyi hamuna magazini wala salopeti ya pili iliyo mu njia. Sheria iko nyuma yenu mara chache, lakini vumbi ni lile lile. Jinzi nene ya pamba ni nzuri kuliko nguo ya sport. Shona viraka viwili ku magoti umbele hata ya kuivaa siku ya kwanza, na ku makalio kimoja. Usiache mukanda murefu wala mashati ya kupepea, juu vinakamatwa ku kamba ya kushukia. Na muko ndani ya koperative: muombe koperative iweke maji ya kunawa na pa kubadilishia nguo, ili vumbi la shimo lisilale mu kitanda cha mutoto. Ni haki ndogo, lakini ni ya kwanza.

Siku ya kwanza asubuhi

Fundi wetu alirudi ku kazi. Paja lake lina kovu kubwa sawa kiganja. Bibi yake bado anashona, na anashona kuliko mbele: wamama wa lupango za jirani wanamuletea nguo za kazi. Kabla hajashika sindano, anatoa uzi, anauwasha inje, anaangalia majivu. Ikiwa ni nguo ya kuzuia moto ao mukanda wa kung'aa umechanika, anairudisha bila kuigusa. "Hii si yangu," anasema. "Hii ni ya madelege." Na wamama wanatuletea. Sasa tunajua kuzipokea.

Tunaomba neno moja la mwisho. Mutu anaweza kuona magoti yake na mikono yake. Mugongo wake haone. Siku ya kwanza, umbele ya kushuka ku posti, geuka nyuma uangalie mwenzako: mushono wa mabega, mukanda unaong'aa, katikati ya miguu. Ukiona uzi unaning'inia, mukate. Ukiona tundu la sindano, mwambie apelekee bibi yake ao ashone yeye mwenyewe. Sindano haichagui mwanaume na mwanamuke. Ukiona tundu la muajiri, umuzuie asishuke, na uite delege.